Shemeji, Rabat Hatukushinda kwa Uchawi

Shemeji yangu ni fundi pikipiki kule Kalengera, kando ya barabara ya Taifa namba 2, kusini ya Rutshuru. Mikono yake hufungua injini, mdomo wake hufundisha timu ya taifa. Tangu usiku wa tarehe 16 Novemba 2025, Léopards wa Kongo walipoitoa Nigeria kwa penalti mjini Rabat kwenye mchujo wa Kombe la Dunia, amekuwa akinirekodia sauti kwenye simu, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia, na vijana wake wa gereji wanaitikia nyuma kama wako kanisani. Siwezi kuzipuuza. Anayoyasema ndiyo yanayosemwa Goma, Bukavu, Butembo mpaka Kinshasa, ila yeye huyasema bila kupepesa macho. Mimi naishi Goma, kazi yangu ni kuandika, na dada yangu amenikataza kugombana na mumewe kwa simu. Basi namjibu hapa.

Tuanze na uchawi, kwa sababu ndio unaomfurahisha kuliko yote. Hoja hiyo hakuitunga yeye. Aliyeianza ni kocha wa Nigeria, Éric Chelle, aliyewaambia waandishi wa habari baada ya mechi kwamba kulikuwa na mtu kwenye benchi letu akifanya ushirikina wakati wa penalti. Shemeji aliipokea kama sifa: "Waache walie, dawa zetu zimefanya kazi." Pole, shemeji, lakini hapo unawanyang'anya watu haki yao. Nigeria walitangulia dakika ya 3 kwa bao la Frank Onyeka, Meschack Elia akasawazisha dakika ya 32, kisha ikawa kukabana mpaka nyongeza ya muda ikaisha. Zikiwa zimebaki sekunde za kuhesabika, kocha wetu Sébastien Desabre alimtoa kipa Lionel Mpasi akamwingiza Timothy Fayulu. Tulishinda penalti 4 kwa 3, na ya mwisho akaipiga nahodha Chancel Mbemba.

Fikiria ujasiri wa uamuzi huo. Mpasi ndiye aliyeitoa Misri kwenye CAN, Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 2024, mjini San-Pédro: kipa wa Misri alikosa penalti, Mpasi akaenda mwenyewe kupiga, akafunga, tukapita kwa 8 kwa 7. Huyo ndiye kocha anamwita nje mbele ya nchi nzima, na badala yake anamsimamisha kijana aliyezaliwa Geneva anayedakia FC Noah ya Armenia, klabu ambayo wengi wetu tuliisikia usiku ule ule. Fayulu angefungwa zote, Desabre angehitaji polisi kushuka ndege Kinshasa. Louis van Gaal alifanya hivyohivyo mwaka 2014 kwenye Kombe la Dunia, Uholanzi ilipocheza na Costa Rica: alimwingiza Tim Krul dakika ya mwisho, akapangua penalti mbili. Hakuna aliyeuliza mganga wa Van Gaal anakaa kijiji gani.

Na sisi tuna sababu yetu ya kuogopa kubadilisha kipa. Tarehe 18 Juni 1974, kwenye Kombe la Dunia mjini Gelsenkirchen, Zaire ilikuwa imeshafungwa 3 na Yugoslavia katika dakika 20 tu, kocha Blagoje Vidinić akamtoa Kazadi Mwamba akamwingiza Tubilandu. Mechi iliisha 9 kwa 0. Vidinić mwenyewe alikuwa Myugoslavia, kwa hiyo mnajua wazee wetu walisema nini, na baadhi yao wanasema mpaka leo. Kocha wa kigeni anayegusa kipa wa Kongo anatembea juu ya kaburi hilo. Desabre alitembea. Halafu nikuulize, shemeji: Februari 2024 tulipocheza na Afrika Kusini kutafuta nafasi ya tatu, tukatoka 0 kwa 0 na kupoteza penalti 6 kwa 5, hao waganga walikuwa likizo?

Hoja yake ya pili ni nzito zaidi, na imebeba uchungu wa kweli. "Hawa si wetu," anasema. "Wamezaliwa Ulaya, wamekula Ulaya, wanakuja kucheza siku 10 wanarudi kwao. Moyo watautoa wapi?" Vijana wa gereji wanapiga makofi.

Nakubali idadi. Mpasi alizaliwa Meaux, Ufaransa. Cédric Bakambu, Vitry-sur-Seine. Noah Sadiki, Brussels. Aaron Wan-Bissaka, London. Ukiwaweka pamoja, utadhani ni orodha ya abiria wa treni ya Ulaya. Lakini tazama waliotuvusha Rabat. Bao pekee dhidi ya Kameruni, tarehe 13 Novemba, dakika za nyongeza, lilifungwa na Mbemba, aliyezaliwa Kinshasa. Bao dhidi ya Nigeria, Elia, aliyezaliwa Kinshasa na kukomaa TP Mazembe. Mlangoni, wa Meaux kisha wa Geneva. Timu ile ni mchanganyiko, na mchanganyiko wenyewe ndio uliofanya kazi.

Kuhusu moyo, shemeji, wewe mwenyewe ulinipigia simu usiku wa tarehe 7 Februari 2024. Kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire mjini Abidjan, wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakavielekeza kichwani kama bastola. Walikuwa wanasema habari zetu sisi, za Rutshuru na Masisi, mbele ya Afrika nzima, wakati ulimwengu ulikuwa umenyamaza. Wengi waliokuwa kwenye mstari ule hawakuzaliwa Kongo. Tulifungwa bao 1 na Sébastien Haller, na hukulalamikia pasipoti ya mtu yeyote usiku ule.

Kuna jambo moja zaidi linalonichekesha. Miaka mingi tulilia kwamba watoto wetu wanatukimbia. Claude Makelele na Steve Mandanda, wote wawili wazaliwa wa Kinshasa, walivaa jezi ya Ufaransa. Roger Lukaku alichezea Zaire, mwanawe Romelu akaichezea Ubelgiji na kuwa mfungaji wake bora wa historia. Tukasema: mama, watoto wanapotea. Sasa wanakuja, tunasema si wetu. Wan-Bissaka aligusa jezi yetu ya vijana mwaka 2015, akaenda kwa Uingereza ya vijana, akarudi kwetu mwaka 2025. Na Axel Tuanzebe, yule beki aliyepitia Manchester United, unajua kazaliwa wapi? Bunia. Aliondoka Ituri akiwa mtoto mdogo. Ukimwita mgeni, wenyeji wa Mashariki tuliobaki ni wangapi?

Sasa Mayele. Hapa shemeji ana jeshi, na jeshi lenyewe linavuka mpaka hadi Dar es Salaam. Fiston Mayele, mtoto wa Mbuji-Mayi, aliwafundisha Watanzania kusherehekea bao kwa kutetema alipokuwa Yanga kati ya 2021 na 2023. Akaenda Pyramids ya Misri, akafunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika tarehe 1 Juni 2025 Pyramids walipoishinda Mamelodi Sundowns. Septemba akaifunga Al Ahli ya Saudia mabao 3 katika mechi moja, huko huko Jeddah. "Mtu huyo," anasema shemeji, "anakalishwa benchi na Bakambu mwenye miaka 34. Hiyo inaitwa nini kama si kuonewa?"

Inaitwa hesabu, shemeji. Desabre hachezeshi mpira wa kufunga 4. Chukua mechi zote 10 za kundi letu la kufuzu: tulifunga 15, tukafungwa 6. Mara 6 hatukuruhusu bao hata moja. Mara 4 tulishinda 1 kwa 0: Togo mara mbili, Sudan Kusini, Sudan. Ongeza Kameruni pale Rabat, ni ya 5. Timu ya namna hiyo haimhitaji mshambuliaji wa kusubiri mpira ndani ya boksi. Inahitaji mtu wa mbele anayekimbiza mabeki, anayeshika mpira mgongo ukiwa kwenye goli, anayesubiri viungo wapande, halafu anakubali kumaliza dakika 70 bila kupiga shuti. Bakambu ni mzee wa kazi hiyo. Ndiyo maana mabao yanatoka popote: beki dhidi ya Kameruni, winga dhidi ya Nigeria. Ukimpima mshambuliaji wa Desabre kwa mabao peke yake, umempima fundi pikipiki kwa idadi ya pikipiki alizoziendesha.

Hata hivyo sitamtetea kocha mpaka mwisho. Kuna mechi ambazo mpango huo unakwama, na ni zile ambazo mpinzani mwenyewe ameshuka nyuma na hataki kutoka. Hapo kukimbiza mabeki hakuna maana, maana hawana haraka ya kwenda popote. Hapo ndipo namtaka Mayele dakika ya 60, si ya 85, mabeki wakiwa na miguu mizito na krosi za Wan-Bissaka na Arthur Masuaku zikiingia. Yoane Wissa aliumia goti katika mechi na Senegal mwezi Septemba, mara tu baada ya kuhamia Newcastle, na mpaka mechi za Rabat alikuwa bado hajarudi uwanjani. Nafasi ya mbele ilikuwapo. Kocha akiiacha tupu tena, nitakuwa upande wa Kalengera.

Kwa Mbemba sitakawia. "Amezeeka." Amezaliwa Agosti 1994, siku ya Rabat alikuwa na miaka 31. Kipa Robert Kidiaba alitimiza miaka 39 akiwa katikati ya CAN ya 2015, tukachukua nafasi ya tatu, na wewe ulikuwa unaruka kwa makalio kama yeye kwenye kila bao. Tuendelee.

Senegal ni hadithi nyingine, na hapo shemeji ana haki zaidi ya nilivyotaka kukubali. Tarehe 9 Septemba 2025, Stade des Martyrs, tunaongoza 2 kwa 0, Bakambu na Wissa wamefunga, Kinshasa inaimba. Tukapoteza 3 kwa 2. "Kocha aliogopa," anasema, "alirudi nyuma kulinda, tukazama." Ni kweli timu ilirudi nyuma mno. Baada ya bao la kwanza la Senegal kiungo chetu hakikushika tena mpira, na hakuna mabadiliko yaliyolirekebisha hilo kwa wakati. Mabao 3 kati ya 6 tuliyofungwa katika kundi zima yaliingia siku hiyo moja. Hilo ni kosa la kocha, na sijasikia maelezo yanayoniridhisha.

Lakini shemeji anamaliza hivi: "Siku hiyo ndiyo iliyotunyima tiketi ya moja kwa moja ya Kombe la Dunia." Hapana. Senegal walimaliza na pointi 24, sisi 22. Rudi nyuma mpaka Novemba 2023, mechi ya pili tu ya kundi, tulipofungwa 1 kwa 0 na Sudan. Nchi yenyewe ilikuwa kwenye vita, timu yao ikichezea mechi za nyumbani Libya, pale Benghazi. Tungeshinda ile, tungekuwa na 25 na Senegal angekwenda Rabat kubahatisha. Mechi ile hakuna anayeikumbuka kwa sababu ilichezwa mapema, mbali, na hakuna aliyekuwa anapiga hesabu. Mashabiki wa Kongo tuna kumbukumbu kali ya mechi kubwa na usahaulifu wa ajabu kwa ndogo. Kufuzu kwa 2018 tulikosa kwa pointi 1 nyuma ya Tunisia. Pointi 1! Na bado tunasema mechi na Mauritania si ya kuangalia.

Ndiyo sababu hoja yake ya sita inaniudhi kuliko zote, ingawa aliitoa kwa kucheka. "Jamaica ni nini? Sisi tumeshafuzu." Usiku ule hatukuwa tumefuzu. Rabat ilitupa tiketi ya mchujo mwingine tu, wa mabara, uliopangwa kuchezwa Mexico mwezi Machi 2026. Kwa sababu ya nafasi yetu katika orodha ya FIFA tulipangwa moja kwa moja kwenye mechi ya mwisho, pale Guadalajara tarehe 31, tukimsubiri mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia. Jamaica haikuwa kitu cha kudharau. Ilijaa wachezaji wanaocheza Uingereza, na ilikosa nafasi ya moja kwa moja kwa sare ya 0 kwa 0 nyumbani Kingston na Curaçao, kisiwa kidogo ambacho sasa ndiyo nchi ndogo kuliko zote kuwahi kufuzu. Kocha wao Steve McClaren alijiuzulu usiku huo huo. Wangekuja na hasira na kocha mpya, na sisi tungesafiri kuvuka bahari na nusu ya wachezaji wetu wakitoka moja kwa moja kwenye ligi zao. Kabla ya hapo kulikuwa na CAN ya Moroko mwezi Desemba 2025, na Senegal walikuwamo tena kwenye kundi letu, pamoja na Benin na Botswana. Mguu mmoja tu wa Mbemba ungegoma huko, hesabu yote ya Machi ingeandikwa upya.

Mara ya mwisho tulipokuwa karibu hivi ilikuwa Machi 2022. Sare ya 1 kwa 1 na Moroko Kinshasa, kisha 4 kwa 1 Casablanca. Tulikuwa "tumeshafuzu" wakati ule pia.

Imebaki hoja ya mwisho, ambayo aliirekodi usiku, peke yake, bila kwaya ya gereji. "Tangu nizaliwe sijaona mtoto wa huku kwetu kwenye timu ile. Mtoto wa Kiwanja, wa Rubare, wa Kalengera. Desabre hatujui tupo."

Desabre hana hatia hapa, shemeji, na hilo ndilo ninalotaka ulisikie vizuri kuliko mengine yote. Kocha wa taifa huchagua kutoka kwenye kapu, hajazi kapu. Mbemba aliondoka kwenye mtaa wa Kinshasa akaenda Anderlecht kwa sababu kulikuwa na klabu ya kumwonyesha. Elia alipata Mazembe, klabu iliyochukua ubingwa wa Afrika mara 5 na iliyocheza fainali ya dunia na Inter mwaka 2010. Ligi yetu ilipokuwa na nguvu, wachezaji wa ndani peke yao walichukua CHAN mwaka 2009, na tena mwaka 2016 pale Kigali, Elia huyo huyo akifunga mara mbili kwenye fainali na Mali. Agosti 2025 CHAN ilikuja kwa jirani zetu Kenya, Tanzania na Uganda. Tulifungwa na Kenya kwenye mechi yetu ya kwanza, tukatoka kwenye makundi. Huo si ubaya wa watoto. Ni ligi inayosimama na kuanza tena, klabu zisizojua zitacheza lini na zitalipwa na nani.

Sasa weka huku kwetu juu ya hayo. Goma ina DC Virunga na AS Dauphins Noirs, klabu zilizofika Linafoot, ligi kuu ya taifa, na ina Stade de l'Unité. Kijana wa Kalengera mwenye miguu angepaswa kushuka Goma, achezee timu ya mtaa, aonekane, aingie Dauphins Noirs, aende Kinshasa au Lubumbashi kucheza mbele ya mawakala. Hebu angalia njia hiyo. Vita vilipamba moto tena Rutshuru mwaka 2022. Januari 2025 vikaingia Goma yenyewe. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na katika nchi hii, ambako klabu haiwezi kwenda Kinshasa au Lubumbashi kwa barabara, kufungwa kwa ndege ni kufungwa kwa ligi. Timu ya Goma haikuweza kwenda, ya Kinshasa haikuweza kuja. Mtoto ambaye mwaka 2022 alikuwa na miaka 15, umri ule ambao wenzake wa Ulaya wanaingia kwenye akademi, mwaka 2025 alikuwa na 18. Miaka yake mitatu ya kujifunza imeliwa na barabara ile ile unayofungulia gereji.

Kwa hiyo unaponiambia Desabre aite mtoto wa Kivu, nakuuliza: amwite kutoka wapi? Ni ligi gani ya vijana ya Rutshuru iliyochezwa msimu mzima? Ni kocha gani wa Goma aliyelipwa mwaka 2025? Shirikisho, serikali, na kila mwenye bunduki kando ya barabara namba 2, hao ndio wa kuulizwa. Kocha Mfaransa anayesoma orodha ya majina mbele ya waandishi siye.

Na nikwambie vile nilivyosikia wiki hii, kwa kuwa mimi niko Goma na wewe uko huko. Vijana wa mtaa wetu wameanza tena mashindano yao kwenye kiwanja cha mawe meusi ya volkano, wachezaji saba kila upande, magoli bila nyavu. Kuna kipa mmoja mwembamba, mrefu, anayeruka kulia vizuri kuliko kushoto. Dada yangu anasema ulikuwa na mpango wa kushuka Jumamosi kununua vipuri. Njoo mapema, mechi huanza saa nane mchana, utaniambia kama ana mkono wa Fayulu au nimeota.